Feza Yuma Akataa Kurefusha

Siku Feza Yuma alipomwekea Maître Symphorien mkataba wa maji mezani, mzee hakuusoma kwanza. Aliuinua kwa vidole viwili, akaupunga hewani, kisha akatazama chini ya meza kana kwamba kuna kitu kimedondoka.

"Ingine iko wapi?"

"Ingine nini, Maître?"

"Page ingine."

"Hakuna ingine. Ni hizo mbili."

Ofisi yao ilikuwa katikati ya mji wa Lubumbashi, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Feza alianza pale akiwa mwanafunzi wa uwakili, akaapishwa akiwa pale, na sasa alikuwa mama wa watoto watatu na mikunjo miwili kati ya nyusi. Maître Symphorien, yaani Wakili Symphorien, ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa mtu wa suti iliyopigwa pasi hata ndani ya mfuko, mwenye sauti ambayo mahakimu walinyamaza kuisikiliza. Mikataba yake ilijulikana kwa uzito. Mteja alitoka pale na bahasha nene, akaibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Mkataba huu wa sasa ulikuwa jambo jepesi. Kampuni moja ya matofali ya saruji ilitaka kuchimba kisima cha pampu, forage kama watu wa huko wanavyosema, katika kiwanja cha chama cha wakazi wa mtaa mmoja wa Katuba. Kampuni ingepata maji ya kuchanganyia saruji. Wakazi wangechota bure kwenye mabomba yatakayotokeza ukutani. Pampu ikiharibika, kampuni ingetengeneza. Mkurugenzi, Mhandisi Kabwe, na rais wa chama, Mama Marie-Thérèse Kangwa, walikuwa wamekubaliana hayo yote kwa mdomo, uani kwa mama yule, kabla chai haijapoa.

Kilichobaki kilikuwa kuyaandika, na Feza aliyaandika.

Maître Symphorien alivaa miwani, akasoma kurasa zile mbili hadi mwisho. Haikumchukua muda, na hilo nalo lilimuudhi.

"Hapa unaandika, 'Wakazi watachota maji bure, kila siku.' Paka vile, bila kingine?"

"Paka vile."

"Modèle yetu unaijua. Inasema je?"

Feza aliijua kwa moyo. Ule ulikuwa mfano wa mkataba ambao ofisi iliurithi kwa wakili aliyemtangulia Symphorien, na yeye kwa mwingine, ukinakiliwa na kuongezwa kila mara lakini haujapunguzwa hata siku moja. Palepale aliposimama akautafsiri kutoka Kifaransa bila kuutazama: Kampuni, iliyotajwa hapo juu na ambayo kuanzia hapa itaitwa Kampuni, inatoa, inaruhusu, inakubali na inaridhia, bila masharti yoyote isipokuwa masharti yaliyomo humu, kwamba wakazi waliotajwa, ambao kuanzia hapa wataitwa Wakazi, wachote, wateke, wachukue na wapate maji yaliyotajwa, kwa namna yoyote ile iwayo.

"Umesikia mwenyewe," Maître Symphorien alisema. "Iko na nguvu."

"Iko na pumzi mingi, Maître. Nguvu sijaiona."

Mzee hakukasirika haraka. Alivua miwani, akamwambia akae. Halafu akamsimulia kisa ambacho Feza alikuwa amekisikia zaidi ya mara moja, cha mjane ambaye mzee alimwandikia mkataba wa nyumba alipokuwa wakili kijana. Aliandika kwa ufupi siku zile, kwa kiburi cha ujana, na akasahau kuwataja warithi. Mpangaji alipofariki, wanawe walikaa ndani ya nyumba ile na kumtazama mjane dirishani. Mjane alishindwa kesi. Yule mama alilia kwenye korido ya mahakama, tena hakulia kwa sauti, na hilo ndilo lililomshinda Symphorien kusahau. Tangu siku ile hakutoa neno lolote kwenye mkataba. Aliongeza tu.

Feza alikiheshimu kisa hicho. Alijua si uongo, na alijua kwamba si kujidai peke yake kulikomfanya mzee apende maneno mengi. Aliyaogopa yale yaliyokosekana.

"Neno lile moja ndilo lilikosa," alisema polepole. "Warithi. Mi nimeliweka, liko page ya pili. Lakini halikukosa pamoja na wenzake arobaini."

"Rudisha modèle, Feza."

"Hapana, Maître."

Alilisema bila kuinua sauti, na wote wawili wakashangaa kidogo, maana hata yeye hakuwa amepanga kulisema. Mzee akasubiri. Ni kawaida baada ya neno kama lile mtu kuongeza samahani, au walau maelezo. Feza hakuongeza.

Watu waliomjua tangu utotoni wasingeshangaa. Alizaliwa Katuba, mtoto wa Yuma, mshona magodoro, katika familia ya Kiislamu iliyotoka Kasongo, kule Maniema, zamani za babu. Baba alikuwa mpole. Mama yake, Mounira, ndiye aliyetawala maneno ya nyumba ile. Jirani akija na kuzunguka, akauliza hali ya shangazi, akasifu pazia, akaulizia mvua, Mounira alimkatiza: "Sema kwanza kenye kimekuleta, salamu tutamaliza nyuma." Wengine walimwona hana adabu. Lakini aliyekwenda kwake na shida hakuondoka bila jibu, ndiyo au hapana, na wengi walimpendea hapohapo walipomchukia. Chuoni alikosomea Kurani, Feza alichapwa kwa kuuliza maana ya aya kabla ya kuikariri. Chuo kikuu, akisoma sheria, mwalimu mmoja alimpunguzia alama kwa insha aliyosema ni "kavu". Feza aliihifadhi insha ile. Hakuona ilipokauka.

Basi, Maître Symphorien aliurefusha mkataba mwenyewe. Alikaa nao mwisho wa juma, na Jumatatu ukawa juu ya meza ya Feza, umefungwa kwa uzi wa kijani, mnene kama kitabu cha misa.

"Utakwenda na mi Katuba kwa sinyature," alisema. "Weye uko mutoto wa kule. Utaeleza mu Swahili."

"Nitaeleza yenye iko imeandikwa."

"Bila shaka," alijibu mzee, akiwa tayari anatafuta kalamu yake.

Sherehe ya kutia saini ilifanyika Jumamosi, kwenye kiwanja chenyewe. Wakazi walikuwa wametandika turubai dhidi ya jua na kuazima viti vya plastiki kanisani. Mhandisi Kabwe alikuja na makreti ya soda. Mama Marie-Thérèse Kangwa alikaa katikati, amevaa kitenge cha sikukuu. Ukoo wake ulilima udongo ule kabla mji haujaufikia, na mwenyewe alikuwa amefundisha shule ya msingi hadi alipostaafu. Alikuwa na tabia ya walimu ya kungoja kimya hadi wote wanyamaze.

Waliponyamaza, alisema, "Mbele ya kuweka sinyature, batusomee. Mu Swahili yetu."

Maître Symphorien aliinama kwa heshima. "Maître Feza atawapa résumé, mama. Kwa ufupi."

"Hapana résumé. Yote."

"Iko murefu, mama."

"Shiye tuko tumekaa."

Feza alisimama na kufungua uzi wa kijani. Kwa kweli angeweza kufanya kama wakalimani wote wafanyavyo, kuchukua sentensi ndefu na kuirudisha fupi, akawaokoa watu na jua, akamwokoa mzee pia. Kwa miaka yote alikuwa amefanya hivyo. Kila aliposimama mbele ya wateja wasiojua Kifaransa, aliukata mkataba kwa mdomo kisha akawapa kalamu watie saini ule usiokatwa. Jambo hilo lilimjia kichwani palepale, akiwa ameshika ukurasa wa kwanza, likamkaa vibaya. Watu walikuwa wakikubali maneno yake yeye na kusaini ya mtu mwingine.

Akaanza kusoma, akaacha kila neno mahali pake.

"Kampuni, iliyotajwa hapo juu na ambayo kuanzia hapa itaitwa Kampuni..."

Mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma aliuliza, "Mbele, kabla ya hapa, ilikuwa inaitwa je?"

"Kampuni," Feza alijibu.

Watu wakacheka, na Mhandisi Kabwe naye akacheka. Feza aliendelea. Alipofika kwenye inatoa, inaruhusu, inakubali na inaridhia, babu mmoja aliyekaa karibu na makreti aliinua mkono.

"Njo kusema itakubali mara ine?"

"Mara moja, tate. Maneno njo iko ine."

"Na ile ingine tatu inafanya kazi gani?"

Feza alimtazama Maître Symphorien, ambaye alikuwa akitabasamu kwa mdomo tu. "Inasindikiza," Feza alisema, na akageuza ukurasa.

Vicheko viliendelea kwa muda, kisha vikapungua, kisha vikaisha. Kivuli cha turubai kilisogea, waliokuwa ndani yake wakajikuta juani na kuhamisha viti. Soda ziliisha. Mama mmoja alisinzia, akaamka, akamwuliza jirani yake kama maji yamekwisha kufikiwa. Bado. Walikuwa kwenye kifungu kinachoeleza kwamba umoja ni pamoja na wingi na kwamba vichwa vya vifungu si sehemu ya vifungu. Hakuna aliyelalamika. Mama Marie-Thérèse alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, akisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma kwa kusitasita, bila kumsaidia.

Hatimaye Feza alifika kwenye pampu. Alisoma polepole.

"Bila kuathiri yaliyotajwa katika kifungu cha tisa, na isipokuwa pale ambapo kifungu cha kumi na nne kitaelekeza vinginevyo, matengenezo yoyote, ukarabati wowote na marekebisho yoyote ya pampu iliyotajwa yatafanywa na upande ule ambao, kwa kuzingatia hali, asili na chanzo cha hitilafu iliyotajwa, utaonekana kuwa ndio unaopaswa kuyafanya."

Akashusha karatasi. Barabarani pikipiki ilipita na mkungu wa ndizi.

"Sasa," Mama Marie-Thérèse alisema, "pompe ikifwa, nani atatengeneza?"

Feza alirudi kifungu cha tisa. Kifungu cha tisa kilimpeleka cha kumi na nne. Cha kumi na nne kikamrudisha cha tisa. Aliyafanya hayo mbele ya watu, akifunua kurasa huku na huku.

Maître Symphorien alimwinamia, akamwambia chini kwa chini, "Sema ni kampuni, tuendelee. Kila mutu anajua ni kampuni."

"Haiko imeandikwa, Maître."

"Client yetu ni kampuni, Feza. Usisahau."

"Client yetu alikubali kutengeneza. Hapa tumemwandikia kitu ingine."

Kisha akageukia viti na kusema kwa sauti ya kawaida, ile ambayo mama yake alimjibia jirani: "Mama, nimewasomea yote. Karatasi hii haisemi nani atatengeneza pompe. Nimetafuta mbele yenu, sikuona."

Mhandisi Kabwe alisimama. Alikuwa mtu wa vyuma na saruji, na uso wake ulionyesha fedheha ya mtu aliyevalishwa suruali ya mwingine. "Lakini shiye tulisha kusikilizana," alimwambia wakili wake. "Ni mi nitatengeneza. Juu ya nini haiko mule?"

"Iko mule," Maître Symphorien alijibu. "Inaeleweka."

"Na nani?" Mama Marie-Thérèse aliuliza.

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza kama mwalimu anayetaka kujua nani darasani ameelewa. Mzee alichukua karatasi, akafuata kwa kidole kifungu cha tisa, kisha cha kumi na nne. Mama Marie-Thérèse alifunika kalamu aliyokuwa amepewa, akaiweka juu ya meza upande wa kampuni, akasema watu waende kula. Mkataba haukutiwa saini siku ile.

Gari lilikuwa linakaribia mjini. Ndipo Maître Symphorien aliposema, akitazama mbele, "Umenivua nguo mbele ya bantu."

Feza alijua kwamba kwa upande wa mzee ni kweli. Mtu huyu alimwazima joho lake siku ya kuapishwa kwa sababu lake halikuwa tayari. Alikaa na baba Yuma hospitalini alipougua.

"Nilisoma tu, Maître."

"Unajua kenye ulifanya."

"Ndiyo," alisema. "Mi najua."

Jumatatu mzee alimtaka aandike barua mbili za kuomba radhi, moja kwa ofisi na moja kwa mteja. Feza alikaa, akaandika barua moja. Ilisema kwamba alitafsiri mkataba neno kwa neno kama wakazi walivyoomba, kwamba alipoulizwa swali alijibu ukweli, na kwamba haombi radhi kwa lolote kati ya hayo mawili. Baada ya muda barua ilirudi mezani kwake, imepigwa mstari mwekundu na kuandikwa pembeni: Fupi mno.

Aliitazama sana. Akafikiri juu ya mishahara, juu ya ada za shule, juu ya uso wa mumewe. Aliogopa; kusimama imara na kuogopa si mambo yanayokatazana. Kisha akachukua karatasi nyingine na kuandika upya:

"Nilisoma yaliyoandikwa. Siombi radhi. Feza Yuma."

Akaipeleka mwenyewe. Maître Symphorien aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Hakumwambia amefukuzwa. Alisema tu kwamba ofisi haiwezi kuwa na namna mbili za kuandika, na Feza akajibu kwamba katika hilo wanaelewana kabisa. Alipokuwa akikusanya vitabu vyake, mzee alimletea boksi tupu la karatasi, akaliweka sakafuni, akaondoka.

Mumewe, Moussa, alikuwa Mokambo, mpakani, akifuatilia mzigo wake wa mafuta ya kupikia kutoka Zambia. Aliporudi na kusikia, alikaa kwenye gunia bila kuvua viatu.

"Si ungeliandika tu ile page ingine?" alisema. "Ni karatasi, Feza. Karatasi inakuumiza nini?"

"Balitaka kunipa kalamu niwafunge bantu ya kwetu na kamba yenye hata mi siwezi kufungua."

"Hakuna mwenye alitaka kufunga mutu. Mzee yule ni muntu muzuri."

"Njo iko mbaya zaidi. Muntu muzuri, na pompe haina mwenyewe."

Moussa alinuna siku nyingi. Alikula, akaenda msikitini, akarudi, akajibu kwa kichwa. Asubuhi moja Feza alimkuta akihamisha magunia kutoka chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara. Hakusema ni kwa ajili gani. Alisukuma meza ya kulia chini ya dirisha, akajaribu kama inayumba, akakunja kadi ya simu na kuitia chini ya mguu mmoja.

"Usinilipishe nikileta contrat yangu," alisema.

"Ukileta yenye iko fupi."

Hivyo ndivyo Feza Yuma alivyofungua ofisi yake Katuba. Wa kwanza kuja walikuwa seremala na fundi wa majiko waliotaka kushirikiana karakana moja. Akawaandikia nani anakaa upande gani, nani anafungua asubuhi, na nini kitatokea wakigombana. Walisoma wenyewe mlangoni, mmoja akimfuata mwenzake kwa kidole, na wakaanza kugombana palepale juu ya mashine ya randa, jambo ambalo hawakuwa wamelifikiria. Feza akafurahi. Heri ugomvi uzuke mezani pake kuliko karakanani. Akaongeza mstari mmoja kuhusu randa, akawapa.

Habari za kisima zilimjia kupitia Mama Marie-Thérèse, aliyepita siku moja akitoka sokoni na kukaa kupumzisha miguu.

"Tulisaini," alisema.

"Nilisikia wanachimba. Imekuwa je?"

"Kwa pompe, Maître Symphorien aliandika upya mwenyewe. 'Kampuni itatengeneza pompe.' Nokta. Nikamwuliza, ni yote? Akasema ni yote, mama. Lakini ilimuuma, niliona."

Feza alicheka, kisha akauliza alichokuwa akiogopa kuuliza. "Na kurasa ni ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja?" Alihisi damu ikimpanda. Maji, bomba, pampu, warithi, na kinachofuata mmoja akivunja ahadi. Kumi na moja. "Na ile inatoa, inaruhusu, inakubali?"

"Iko. Inaridhia tulimtosha, akaifuta. Alitetea zile tatu kama watoto wake, tukachoka." Mama yule aliinua kikapu chake. "Maji inatoka, mwanangu. Asubuhi mabinti banachota na banafika masomo mapema. Usinune."

Lakini Feza alinuna, na alinuna kwa siku kadhaa. Wengi wangeridhika na ushindi ule. Yeye aliona kurasa tisa za bure bado zimekaa kwenye kabati la chama, na siku moja mtu mwenye haraka na nia mbaya angejificha ndani yake. Alimwambia Moussa hivyo, na Moussa akamwambia ana kichwa kama cha mama yake Mounira. Akalipokea kama sifa.

Haikuwa njia rahisi. Mjini, mawakili wenzake walimwita Maître Deux-Pages, kwa maana ya kurasa mbili, na walipomkuta mahakamani waliuliza kama kesi zake nazo huzimaliza kabla ya kuketi. Kampuni kubwa hazikupanda hadi Katuba kutafuta wakili anayeandika karatasi inayoweza kukunjwa mfukoni. Mara mbili alipokea mkataba uliorudishwa na upande wa pili kwa sababu "haukuonekana wa kweli". Mara zote mbili aliutuma tena vilevile, ameongeza tarehe.

Jambo lililomchosha kuliko yote lilikuwa wateja wake mwenyewe. Juma hili tu alikuja mwanamke aitwaye Nkandu, mwenye mashine ya kusaga mahindi, aliyetaka kuipangisha kwa shemeji yake. Feza alimsikiliza, akaandika, akamsomea kwa Kiswahili. Nkandu alikubali kila kitu. Kisha akaigeuza karatasi, akatazama mgongo wake mweupe.

"Ni yote, Maître?"

"Ni yote."

"Shemeji ataniheshimu na karatasi ya hivi? Yeye eko na kichwa nguvu. Ongeza kidogo. Mule mbele uweke nonobstant, ile neno ya bawakili. Ata mbili."

"Nonobstant itafanya nini, mama?"

"Sijue. Lakini anaogopa neno ile."

"Na siku mutagombana, jaji akiuliza maana yake, utajibu je?"

Nkandu alifikiri. Alikuwa mwanamke mwerevu, na Feza aliona jinsi jibu lilivyompitia usoni na jinsi alivyoamua kutolipokea. Bado alimtaka shemeji aogope.

"Cabinet ingine ya mawakili batanipa," alisema.

"Kule mjini, mu ville, ndiyo. Batakupa mingi, na batakuandikia muzuri." Feza alimwandikia anwani ya Maître Symphorien kwenye kipande cha karatasi, kwa hati safi. "Huyu eko muntu wa haki. Mwambie akuwekee tu wazi nani atatengeneza mashine."

"Na weye hutaki?"

"Sitaki."

Nkandu alikunja anwani ile na kuitia kwenye fundo la kitenge. Alisimama mlangoni kwa muda, pengine akingoja kuitwa, kama wauzaji wa sokoni wanavyomwita mnunuzi aliyegeuza mgongo. Feza hakumwita. Alimtakia safari njema, akavuta karibu mkataba ambao mtu wa gereji alikuwa ameuacha asubuhi ili aangaliwe kama una ubaya, mkataba mrefu, wenye mhuri mwekundu kila ukurasa. Akafungua kalamu, akaanza na mstari wa kwanza, akafuta maneno saba.